Idd ya Kuchinja Mjini Lamu, na Binti Aliyebaki Shuleni



Binti wa ami yetu aliyeolewa Lamu alituita mara tatu kwenda kula naye Idd, na mara tatu tukatoa udhuru. Mara ya nne hakutuita. Alituletea habari fupi tu kwamba mbuzi amekwisha kununuliwa na amefungwa uani. Basi tukafunga mizigo, sisi na ahli yetu, tukapanda basi la alfajiri kutoka Mombasa, siku tatu kabla ya Idd-ul-Azha kwa hesabu ya watu wa Lamu. Kwa nini tunasema "kwa hesabu ya watu wa Lamu", msomaji ataelewa baada ya kitambo.

Njia yenyewe wengi wenu mnaijua, wala hatutaieleza kwa urefu. Ni Kilifi, Malindi, kisha Garsen na Mto Tana, kisha Witu, na mwisho Mokowe ambako gari hukoma na bahari huanza. Ni zaidi ya kilomita 300. Waliosafiri zamani wanakumbuka matope ya kipande cha Garsen hadi Witu; leo ni lami, alhamdulillah, ingawa vizuizi vya askari vingalipo na abiria hushuka na vitambulisho mkononi. Kando ya barabara wafugaji walikuwa wakiswaga ng'ombe na mbuzi kuelekea minadani, kwa kuwa huo ndio msimu wao wa kuuza.

Malindi walipanda vijana wawili, ndugu wa tumbo moja, wamevaa sare za shule na kila mmoja ana sanduku lake la bati. Walitubusu mkono, wakaketi mbele yetu. Tuliwauliza kama shule imefunga. Mkubwa akajibu kwamba haijafunga. Baba yao ameandika barua ya kuwaombea ruhusa, na ruhusa wamepewa, lakini mtihani wa hisabati utafanywa siku ya Idd, na asiyeufanya ataandikiwa sifuri. Alisema maneno hayo bila ya hasira, kama mtu anayetaja nauli. Mdogo wake alikuwa akitazama nje.

Tulipokaribia Garsen redio ya dereva ikatangaza kwamba Waziri ametia katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa kesho kutwa ni siku ya mapumziko nchi nzima kwa ajili ya Idd-ul-Azha. Abiria wakafurahi, wengine wakaleta takbira papo hapo. Bibi mmoja mtu mzima, amejifunika buibui lake mpaka paji la uso, akauliza kwa sauti iliyofika nyuma ya basi: "Ni Idd ya nani hiyo, yao au yetu?" Basi zima likacheka, na sisi tukacheka. Lakini tuliposhuka Mokowe kupanda mashua, swali lile lilikuwa halijatutoka. Tuliwatazama wale vijana wawili na masanduku yao, tukahesabu kwa vidole. Siku aliyoitangaza Waziri ilikuwa kwa watu wa Lamu ni siku ya Arafa, na Idd yao ilikuwa kesho yake. Yaani shule zitafungwa siku watu wamefunga saumu, na zitafunguliwa siku watu wanakwenda kuswali Idd.

Na ndivyo ilivyokuwa.

Lamu usiku wa kuamkia Idd ni mji ambao mtu angetamani watoto wake wote wauone. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba harufu ya nyumba moja huingia nyumba ya pili bila ya kubisha hodi: hapa hina, pale iliki ya mahamri, kule udi. Punda hupita na magunia ya makaa, na watoto husimama kando migongo imegusa ukuta. Wanawake hawakulala. Dada yetu alikuwa na mabinti watatu wa majirani waliokuja kupakwa hina, na juu ya kitanda aliitandaza nguo ya Idd ya rangi ya zabibu, imeshonwa vizuri, haijavaliwa. Ahli yetu akauliza ni ya nani. Akasema ni ya binti yake mkubwa, aliye kidato cha tatu katika shule ya bweni huko bara, magharibi ya nchi, safari ya siku mbili kutoka Lamu. "Nilimshonea nikijua hatakuja," akasema, kisha akaikunja.

Asubuhi takbira zilianza kabla jua halijapanda. Tuliswali, tukasikiliza hutuba, tukarudi kuchinja. Hatutaeleza mbuzi alivyogawanywa, kwani kila nyumba ina desturi yake na kila mama ana mlango anaouanza. Ila tutataja kwamba sinia moja lilifunikwa kawa, likawekwa kando kwa ajili ya jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu wa shule ya serikali, Mkristo mzaliwa wa bara, ambaye alikuwa kazini.

Saa ya chakula cha mchana simu ikalia. Alikuwa ni yule binti, anapiga kwa simu ya matroni wa bweni, mwanamke asiyekuwa Mwislamu aliyemwonea huruma akampa dakika tano. Dada yetu aliiweka simu wazi ili sote tusikie. Binti alitusalimu mmoja mmoja. Sisi akatuita mjomba, akatuomba dua. Akasema Idd kwao ilikwisha jana. Hapakuwa na masomo, basi wasichana saba Waislamu walikusanyika katika chumba cha kuhifadhia vitabu, wakaswali, mmoja wao akawasomea takbira alizozihifadhi madrasa. Chakula kilikuwa githeri, kama siku zote. Leo wako darasani. Kisha akauliza:

"Mama, mmepika nini?"

Pilau ilikuwa imepakuliwa. Biriani ilikuwa juu ya makaa. Kaimati zilikuwa zimejaa bakuli mbili. Dada yetu akatazama vyote hivyo, akasema: "Bado hatujapika, mwanangu. Tumechelewa kuchinja."

Sisi tunafundisha watoto kila Jumamosi ubaya wa uongo, na tulikuwa tumekaa pale na kofia yetu kichwani. Hatukusema neno.

Jioni yule mwalimu akashuka, akala sinia lake kwenye daka la nyumba, pale kibarazani penye mlango, akamwombea heri mpishi. Kisha akatwambia: "Sheikh, leo nimefunza madawati. Darasa langu lina watoto arobaini. Wamekuja watatu, na mmoja wao alifuata daftari alilolisahau." Tulimuuliza kwa nini basi shule isifungwe, ikiwa kila mtu anajua kwamba hawatakuja. Tulikuwa tumejiandaa. Tulitaka kumtajia Katiba ya 2010, kifungu cha 32, kinachompa kila mtu haki ya kuifuata dini yake pamoja na kuiadhimisha siku yake ya ibada. Tulitaka kumkumbusha kwamba pwani hii, kabla ya uhuru, ilikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba mwaka 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte waliandikiana barua za kuwahakikishia Waislamu wa pwani uhuru wa dini yao na mahakama zao za kadhi. Yote hayo ni kweli. Lakini mwalimu hakubishana na hayo hata kidogo.

"Mimi sina ugomvi na Idd," akasema. "Krismasi naijua tangu Januari, na siku zote huangukia likizo. Pasaka iko kwenye kalenda ya ofisi. Idd yenu mkuu wa shule huijua usiku, kwa kupigiwa simu, na mara nyingine hupigiwa simu mbili zenye majibu mawili. Nipeni tarehe, nami nitaipangia masomo. Hiyo mitihani haipangwi kwa ubaya, Sheikh. Hupangwa miezi mitatu kabla na mtu asiyejua."

Tulinyamaza, kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kuwa katika hizo simu. Na tuseme ukweli wote: madrasa yetu wenyewe, ambako hakuna Waziri wala Gazeti Rasmi, tumewahi kuifunga siku mbili mfululizo kwa kuwa nusu ya wazazi waliswali leo na nusu kesho. Tukiwa hatukuweza kukubaliana chini ya paa letu la makuti, tunamlaumu nani?

Ikhtilafu ya mwezi si jambo la jana. Wanafunzi wa hadithi wanakijua kisa cha Kuraib, aliyetoka Sham akafika Madina na habari kwamba huko mwezi umeonekana usiku wa kabla, na Ibn Abbas hakuuchukua mwandamo wa Sham kwa watu wa Madina. Wapo wanazuoni waliofuata njia hiyo, na wapo walioona kwamba mwandamo wa mahali pamoja unawatosha wote, na wote ni watu wa elimu. Hatukusudii kumaliza hapa kile ambacho hakikumalizika kwa karne kumi na nne. Ila tuliona haya mbele ya yule mwalimu. Hata Pasaka yao nayo hufuata mwezi, kwani ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi, na hata wao makanisa ya Mashariki na ya Magharibi hayajakubaliana hesabu mpaka leo. Lakini kila kundi lina kalenda yake, na kalenda inatundikwa ofisini.

Aliyetutoa pale tulipokwama ni dada yetu, aliyekuwa ndani ya mlango akimenya maembe na kusikiliza.

"Kaka," akasema, "mshonaji wangu humpa kitambaa miezi miwili kabla. Hajawahi kunambia asubiri mwezi uandame ndipo ashone. Muuza mbuzi naye anajua. Wenye mabasi wanajua, ndiyo maana nauli hupanda. Ni Wizara ya Elimu peke yake isiyojua Idd inakuja?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi: "Binti yangu ana likizo fupi ya katikati ya muhula. Ni baada ya siku nane kutoka leo. Siku nane tu. Nani aliyeiweka huko, na kwa nini haikuwekwa wiki hii?"

Mwalimu akaacha kula. Akasema hajawahi kulifikiria jambo hilo.

Nasi hatukuwa tumelifikiria. Siku zote tumedai siku: tupewe siku, itangazwe siku, siku iwe ya wote. Na siku tumepewa. Katika sheria ya sikukuu za umma Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya Wakenya wote. Idd-ul-Azha kwa asili imeandikwa humo kuwa ni ya Waislamu peke yao, kama Diwali ilivyo ya Wahindu, yaani Mwislamu asiende kazini na wengine waende. Lakini miaka hii ya karibuni Waziri amekuwa akiitangaza kuwa ya wote, nasi tunashukuru. Majirani zetu Tanzania na Uganda huadhimisha Idd zote mbili kitaifa, na Tanzania wamezidi, wana na Maulidi. Hata New York, ambako Waislamu ni wachache mno kuliko wa pwani yetu, shule za umma zilianza kufungwa kwa Idd zote mbili mwaka 2015. Kwa hiyo swali la kama shule ifungwe au isifungwe, sisi tunaliona limejibika. Shule ambayo watoto thelathini na saba kati ya arobaini hawamo imekwisha kufungwa, kengele ilie isilie.

Lakini siku moja iliyotangazwa siku mbili kabla humfaa nani? Humfaa mtoto anayelala kwao. Mtoto wa bweni aliye mbali na nyumbani haimfikishi popote; humtoa darasani ikamweka bwenini, akaile Idd yake katika chumba cha vitabu. Na akina mama wanaosoma ukurasa huu wanajua ni watoto wangapi wa pwani, na wa Garissa na Wajir pia, waliopangiwa shule za mbali kwa sababu walifaulu vizuri. Tunawaadhibu kwa kufaulu kwao.

Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, basi Idd hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu, na wataalamu wa falaki wanaikisia kwa upungufu au ziada ya siku moja, miaka mingi kabla. Idd ya Kuchinja ya 2027 hutarajiwa karibu na tarehe 16 au 17 Mei, na ya 2028 karibu na tarehe 5 au 6 Mei. Hatusemi kwamba falaki ichukue nafasi ya macho. Tunaofuata mwandamo tutaendelea kutoka nje kuutafuta mwezi, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Tunasema kwamba likizo fupi ya siku nne inaitosha ikhtilafu yetu yote, anayeswali leo na anayeswali kesho, na bado inabaki siku ya njia. Mtoto wa Kikristo wa Mpeketoni au wa Kisii hapotezi kitu, kwa maana likizo hiyo angeipata vyovyote. Mwalimu hapotezi hata kipindi kimoja. Hakuna siku inayoongezwa. Ni kusogeza tu. Iko miaka ambayo Idd itaanguka mwanzoni mwa muhula na mpango huu hautaingia vizuri, na iko miaka itakayoangukia likizo kubwa na hatutahitaji lolote. Lakini hii iliyo katikati, kwa nini tuiache?

Tulipolitaja jambo hili kesho yake Mkunguni, mbele ya ngome, chini ya miti wanakokaa wazee, walilipokea, ila mmoja akasema kwamba tukiomba, tuombe na Maulidi, kwani Lamu mwisho wa Mfungo Sita hujaa wageni, na zefe na mashindano ya punda na ya majahazi huufanya mji wote kuwa kama nyumba ya harusi. Tunauheshimu msikiti wa Riyadha na kazi ya Habib Swaleh, na tumesoma kwa watu waliosoma pale. Lakini tulimjibu kwamba Maulidi ya Lamu ni ya Lamu. Yawekewe ruhusa ya wazi kwa mtoto ambaye mzazi wake ameiomba, bila ya sifuri. Kuifunga shule ya Kitale kwa ajili yake ni kuomba kitu ambacho sisi wenyewe, katika safu zetu, hatujakubaliana nacho. Mzee hakuridhika. Alitunywesha kahawa hivyo hivyo.

Kuna jambo moja la dini tulilokuwa tukilifikiri wakati mashua inaturudisha Mokowe. Katika mafunzo ya Idd tuliyoyapokea, Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliamuru wanawake na wasichana watolewe kwenda kwenye uwanja wa swala, hata wale wenye udhuru wa kutoswali, washuhudie kheri ile. Na Abubakar alipowakemea wasichana waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha, aliambiwa awaache, kwa sababu ile ni siku ya Idd. Idd si swala ya rakaa mbili pekee ambayo mtu anaweza kuimaliza kati ya kabati za vitabu. Ni siku ya mtu kuwa mahali fulani, pamoja na watu fulani. Tumelisoma hilo kwa miaka thelathini, na ilitubidi tusikie "bado hatujapika" ndipo tulielewe.

Dada yetu alitupa kopo la halua, mfuko wa mahamri yaliyokauka, nyama iliyokaangwa ikakaushwa na kutiwa chumvi, na ile nguo ya rangi ya zabibu, imefungwa ndani ya kanga. Likizo fupi haitoshi kwenda Lamu na kurudi, kwa hiyo binti alikuwa aje kwetu Mombasa.

Alifika usiku, amechoka, vumbi la Nairobi lingali kwenye viatu. Alisalimu, akaoga, akaswali. Kisha akakaa mbele ya lile furushi, akalifungua kidogo kidogo, akainusa nyama.

"Mjomba, hii ni ya mbuzi yule yule?"

Tukamwambia ndiyo. Asubuhi, siku ambayo haikuwa Idd ya mtu yeyote, si yao wala si yetu, alivaa nguo yake, akajitanda, akazunguka nyumba zote za kichochoro chetu kudai pesa zake za Idd. Majirani walicheka, wakampa. Alirudi na shilingi mia nne na hamsini, akaomba simu ampigie mama yake.